Mfalme Hakuuliza Swali: Masingizio na Masikio Yanayoyapokea

(Somo hili lilitolewa kwenye semina ya viongozi wa jumuiya, kwaya na vikundi vya akina mama. Linawekwa hapa lote kwa ajili ya ambao hawakuweza kufika.)

Bwana Yesu asifiwe! Bwana Yesu asifiwe tena!

Wazee wa kanisa, mama zangu, walimu wa kwaya, vijana wetu, shalom. Somo tulilopewa leo ni masingizio. Najua kilipotangazwa kichwa cha somo, kila mmoja alimkumbuka mtu wake, akasema moyoni: laiti fulani angekuwepo! Basi mwacheni fulani huko aliko. Leo tunazungumza na sisi tuliokaa kwenye viti hivi. Na tunazungumza na masikio yetu kuliko midomo yetu.

Kwa nini masikio? Kwa sababu mahubiri ya ulimi tumeshayasikia mengi. Yakobo 3 tunaijua, kwamba ulimi ni moto. Mithali 18:21 watoto wa Sunday school wanaisema kwa moyo: mauti na uzima huwa katika uwezo wa ulimi. Na bado tunasengenyana. Tatizo liko wapi? Soma sheria ya Musa polepole. Haimkemei msemaji peke yake. Inamgeukia na aliyeletewa habari, inamwambia: uulize, utafute, upeleleze kwa bidii. Hayo yako Kumbukumbu la Torati 13:14, na yanarudi 19:18 pale waamuzi wanapoletewa shahidi. Anayezungumziwa hapo ni msikilizaji. Masingizio ni shughuli ya watu wawili, na wa pili mara nyingi hujiona hana hatia kwa kuwa yeye “alisikia tu”.

Tufungue 2 Samweli 16. Kabla hatujasoma, turudi nyuma kidogo tumjue mtu mmoja anayeitwa Mefiboshethi. Ni mwana wa Yonathani, mjukuu wa Sauli, mfalme aliyemtangulia Daudi. Alikuwa na miaka 5 habari za kifo cha baba yake na babu yake zilipofika. Yaya akambeba akakimbia, na katika haraka ile mtoto akaanguka, akalemaa miguu yote miwili. Daudi alipokwisha kutawala alimtafuta kwa ajili ya urafiki wake na Yonathani. Akamrudishia mashamba yote ya Sauli, akamweka mezani pake, ale na mfalme daima. Siba, mtumishi wa zamani wa nyumba ya Sauli, akapewa kazi ya kuyalima mashamba yale kwa faida ya Mefiboshethi. Na Siba hakuwa mtu mdogo. Sura ya 9 inasema alikuwa na wana 15 na watumwa 20. Mnaona jambo linapoanzia? Mtu mwenye nguvu kazi ya watu 35 analima shamba ambalo si lake, na mwenye shamba hawezi kutembea.

Siku zikapita. Absalomu, mwana wa Daudi, akaasi. Daudi anatoroka Yerusalemu, anapanda Mlima wa Mizeituni huku analia, amejifunika kichwa, hana viatu miguuni. Anavuka kilele, na mbele kidogo tu anamkuta nani? Siba. Amekuja na punda wawili waliotandikwa, mikate 200, vishada 100 vya zabibu kavu, matunda 100 ya wakati wa hari, na kiriba cha divai. Mfalme anamuuliza, yuko wapi mwana wa bwana wako? Siba anajibu: amebaki Yerusalemu, anasema leo nyumba ya Israeli watamrudishia ufalme wa babu yake.

Basi. Maneno hayo tu. Hakuna shahidi, hakuna barua, hakuna mtu wa pili. Na Daudi, palepale, njiani, anatoa hukumu: yote yaliyokuwa ya Mefiboshethi sasa ni yako.

Hebu tujiulize maswali ambayo mfalme hakuuliza. Absalomu ameasi ili atawale yeye. Kwa nini amkabidhi kiti mjukuu wa Sauli? Mlemavu wa miguu yote miwili angeongoza uasi gani katikati ya vita? Nani mwingine alimsikia akisema hivyo? Na swali kubwa kuliko yote: wewe Siba, habari hii ikiaminika, nani anapata shamba?

Hakuuliza hata moja. Kwa nini? Daudi si mjinga. Huyuhuyu ndiye aliyesimama mbele ya pango la En-gedi, katika 1 Samweli 24, akamlaumu Sauli akisema kwa nini unasikiliza maneno ya watu wanaosema Daudi anataka kukudhuru. Alijua uchungu wa kusingiziwa kuliko mtu yeyote katika Israeli. Lakini siku ile alikuwa amechoka, ana njaa, mwanawe wa kumzaa amemgeuka. Mtu aliyesalitiwa na mtoto wake haoni ajabu kusikia kwamba na mgeni wa mezani kamsaliti. Halafu mkononi ameshika mkate wa Siba. Ni vigumu sana, ndugu zangu, kumhoji mtu ambaye unatafuna chakula chake.

Habari haikuishia pale. Nenda sura ya 19. Absalomu amekufa, mfalme anarudi. Siba amewahi, yuko Yordani tayari na wanawe 15 na watumwa wake 20, wanamsaidia mfalme avuke. Mefiboshethi naye anashuka kumlaki. Na Biblia inatuonyesha jinsi alivyo: hakuwa ameitunza miguu yake, hakuwa amekata ndevu zake, hakuwa amefua nguo zake, tangu siku mfalme alipoondoka mpaka siku aliporudi kwa amani. Anaeleza kwamba alitaka atandikiwe punda aende na mfalme, kwa kuwa ni kiwete, na mtumishi wake akamdanganya, kisha akamsingizia. Ukikumbuka wale punda wawili waliotandikwa, unaanza kujiuliza mengine.

Sasa Daudi anafanya nini? Ana ushahidi unaonekana kwa macho na kunuka puani. Anasema: ya nini kuendelea kuyasema mambo yako? Wewe na Siba igawanyeni nchi. Nusu kwa nusu! Mkweli nusu, mwongo nusu. Hapo ndipo masingizio yanapotufikisha. Hata ukweli ukijulikana, aliyeamini haraka anaona aibu kurudi nyuma yote, kwa hiyo anagawa katikati na kuita amani. Mefiboshethi akajibu: na atwae yote, maadamu mfalme amerudi salama nyumbani kwake. Baadaye, sura ya 21, tunamwona Daudi akimwokoa na kifo kwa sababu ya kiapo chake na Yonathani. Lakini kama alirudi kukaa kwenye ile meza, maandiko hayasemi tena.

Jamani, huku kwetu Siba haji na zabibu kavu. Huku anakuja na sukari na mchele wakati una msiba. Ndiye wa kwanza kukujulia hali ukilazwa. Anaosha vyombo vyako, anabeba mtoto wako, na akiwa anakausha mikono anasema: “Mama, sipendi kusema, ila kwa vile nakupenda...” Sisemi kila anayekusaidia ni Siba, hapana, tutaharibiana. Nasema wema wa mtu si ushahidi wa habari aliyoleta. Pokea sukari, mshukuru, na habari iulize kama ambavyo ungeiuliza ikiletwa na mtu asiyekuletea kitu. Mithali 18:17 imeshatuonya: anayesema kwanza huonekana ana haki, mpaka mwenzake aje amchunguze.

La pili. Tuna msemo wetu tunaoupenda: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mimi msemo huu siupendi hata kidogo. Unampa mzushi ushindi kabla hajafungua mdomo. Likiwa kweli, alisema. Lisipokuwa kweli, tunaambiwa tungoje, laja!

Twende Matendo 21. Paulo yuko Yerusalemu. Watu wameona kitu, na walichokiona ni kweli: walimwona Paulo mjini akitembea na Trofimo, mtu wa Efeso, asiye Myahudi. Siku nyingine wakamwona Paulo hekaluni. Hilo nalo ni kweli. Mambo mawili ya kweli. Kisha mstari wa 29 unaeleza uongo ulivyozaliwa: walidhani ya kuwa Paulo amemwingiza hekaluni. Walidhani! Hakuna aliyemwona Trofimo ndani ya hekalu.

Na hili halikuwa jambo dogo. Kwenye ukuta uliotenga ua wa ndani kulikuwa na maandishi ya Kigiriki yaliyochongwa kwenye jiwe, yakimwonya mgeni kwamba akivuka, kifo chake kiko juu yake mwenyewe. Jiwe moja la namna hiyo lilipatikana Yerusalemu mwaka 1871, na leo liko kwenye makumbusho ya Istanbul. Kwa hiyo kusema “amemwingiza Mgiriki hekaluni” ilikuwa sawa na kusema “mwueni”.

Mji wote ukataharuki. Paulo akaburutwa nje, milango ikafungwa, akapigwa mpaka jemadari wa Kirumi alipofika na askari. Jemadari akauliza, amefanya nini? Wengine wakapiga kelele hivi, wengine vile, asipate neno la hakika. Zaidi ya watu 40 wakajifunga kwa kiapo wasile wala kunywa mpaka wamwue. Ili kumtoa mjini usiku, jemadari alitoa askari 200, wapanda farasi 70 na wenye mikuki 200. Hesabuni: watu 470 kumsindikiza mtu mmoja, kwa sababu ya neno “walidhani”. Baada ya hapo miaka 2 kifungoni Kaisaria. Na kesi ilipofika kwa liwali Feliki, Paulo akasema jambo moja ambalo napenda mlikumbuke: wale Wayahudi wa Asia walioanzisha maneno, wao ndio iliwapasa wawe hapa wanishitaki. Hawakuwepo. Mwanzilishi wa uvumi haonekani siku ya kutoa ushahidi.

Masingizio mengi makanisani kwetu yako hivi. Hayatungwi kutoka hewani. Mtu ameona kitu cha kweli, akaunganisha na kitu kingine cha kweli, na gundi ya katikati akaitengeneza mwenyewe. Umeona gari la mzee fulani nje ya nyumba ya mjane saa moja usiku. Kweli, lilikuwepo. Ulichokiona ni gari. Hujaona zaidi ya gari. Ukitaka kusema, sema gari, na hata hilo jiulize unamwambia nani na kwa faida ya nani.

Na msije mkadhani idadi ya mashahidi peke yake inatosha. Sheria ilidai mashahidi wawili au watatu. Yezebeli, mke wa mfalme Ahabu, aliijua sheria hiyo vizuri. Ahabu alilitaka shamba la mizabibu la Nabothi, na Nabothi akakataa kulitoa. 1 Wafalme 21. Anaandika barua kwa jina la Ahabu, anatia muhuri wa mfalme, anawaambia wazee wa Yezreeli watangaze mfungo, wamweke Nabothi mahali pa juu mbele ya watu, na walete watu wawili wasiofaa waseme amemtukana Mungu na mfalme. Mashahidi wawili, kama Torati inavyotaka! Mfungo, ibada, wazee, kila kitu kipo. Kilichokosekana ni ule upelelezi wa Kumbukumbu la Torati 19:18. Nabothi akapigwa mawe, na 2 Wafalme 9:26 inadokeza kwamba na wanawe walikufa. Lakini angalieni: barua ilikuja kwa jina la Ahabu, ila kazi ilipokwisha wazee walipeleka ripoti kwa nani? Kwa Yezebeli. Walijua! Walijua nani ameandika, wakajua shamba la mizabibu linatakiwa na nani, wakakaa kimya kwenye viti vya mbele.

Viongozi wenzangu, kwenye kikao cha nidhamu usihesabu tu watu wanaosema. Uliza kila mmoja amejuaje. Watu watano waliosikia kwa mama mmoja ni shahidi mmoja, tena huyo mama hayupo. Wahoji mmoja mmoja, wengine wakiwa nje: ilikuwa siku gani, saa ngapi, ulisimama wapi, nani mwingine alikuwepo. Sikiliza pia habari inavyobadilika kwa kufuata msikilizaji. Mke wa Potifa, alipomsingizia Yusufu aliyekimbia akaacha vazi lake, aliwaambia watumishi, “tazameni, ametuletea Mwebrania atudhihaki”, akawaingiza na wao kwenye kosa ili wawe upande wake. Kwa mumewe akabadilisha: “yule mtumwa Mwebrania uliyetuletea”, sasa lawama ni ya mume. Vazi lilelile mkononi, na kila msikilizaji akapewa habari iliyokatwa kwa kipimo chake.

Mtaniuliza, je, kuna mahali watu walisikia jambo baya wakafanya sawasawa? Lipo, na kwa bahati mbaya halihubiriwi sana. Yoshua 22.

Makabila mawili na nusu, Reubeni, Gadi na nusu ya Manase, wamerudi kwao ng'ambo ya Yordani. Njiani wamejenga madhabahu kubwa. Habari zikawafikia wenzao: wamejenga madhabahu nyingine, wakati ya sadaka ni moja tu! Na hofu haikuwa ya kipuuzi. Taifa lilikuwa bado linakumbuka dhambi ya Peori, walipoabudu Baali, linamkumbuka Akani, ambaye kosa lake liliwapata wote. Wakakusanyika Shilo tayari kwa vita. Lakini kabla ya kuvuka walituma ujumbe: Finehasi mwana wa kuhani Eleazari, na wakuu 10, mmoja kwa kila kabila. Watu wazito, wa kutoka pande zote, ili asiwepo wa kusema habari imepindishwa na kabila fulani.

Walipofika hawakuzunguka. Walisema shitaka lote mbele ya wanaoshitakiwa: hili kosa gani mmefanya, kuasi kwa kujijengea madhabahu? Wakaeleza na hofu yao inatoka wapi. Halafu wakaongeza neno ambalo mimi huwa linanishangaza: kama nchi yenu ni najisi, vukeni mje kwetu, mpate milki kati yetu. Yaani walikwenda wakiwa tayari kupunguziwa ardhi yao ili ndugu zao wapone! Ulishawahi kwenda kumwonya mtu ukiwa umebeba kitu cha kumsaidia atoke?

Kisha wakanyamaza, wakasikiliza. Jibu likawa kinyume kabisa cha walichodhani. Madhabahu ile si ya sadaka. Ni ukumbusho, ili siku za baadaye watoto wa upande ule wasiwaambie wa upande huu, ninyi hamna sehemu katika BWANA. Wale waliosemwa wanamwacha Mungu walikuwa wanaogopa kutengwa na Mungu. Finehasi akarudi na ripoti, watu wakafurahi, wala hawakunena tena habari ya kwenda vitani. Safari moja ya watu 11 iliokoa taifa.

Tuilete nyumbani. Tuseme kwaya ina watu 25, kila mmoja amechanga shilingi 20,000 za sare. Jumla 500,000. Mtu ameona simu ya mweka hazina, salio ni 380,000. Jioni kwenye grupu la WhatsApp: “Wapendwa, tuombee sana hela za kwaya.” Hajataja jina, kila mtu ameelewa. Kufikia asubuhi mweka hazina ni mwizi.

Finehasi angefanyaje? Kwanza, aliyeona anakwenda kwa mweka hazina mwenyewe, ana kwa ana, siku hiyohiyo au kesho yake. Ndiyo Mathayo 18:15, wewe na yeye peke yenu. Si kwa ujumbe wa simu, maana ujumbe hauna sauti wala uso, na ukipigwa picha ya skrini unasafiri. Anasema alichoona, si alichohitimisha: “Niliona salio ni 380,000, nikakumbuka tulichanga 500,000. Nisaidie kuelewa.” Huenda hapo akatoa risiti ya fundi, alilipa 120,000 za utangulizi wa kitambaa, hajaandika kwenye kitabu. Imekwisha. Mnaandika kwenye daftari mbele yenu wote wawili, na kosa la kuchelewa kuandika mnalisema kwa jina lake: uzembe wa kitabu, si wizi. Akikataa kujibu, ndipo unachukua mmoja au wawili wengine, watu wanaoweza kusoma kitabu cha mapato na matumizi na ambao hawajajazwa maneno. Hapa ndipo wengi tunaharibu: tunachukua rafiki zetu wawili tuliokwisha kuwaeleza kila kitu, halafu tunawaita mashahidi. Hao wamekuja kuongeza idadi tu. Baada ya hapo ndipo uongozi, tena kwa kikao, na kumbukumbu ziandikwe.

Na wewe uliyeletewa habari kabla ya hatua ya kwanza? Una swali moja tu la kuuliza: “Mwenyewe umeshamwambia?” Akisema bado, mwambie nenda, na kama unaogopa nitakusindikiza. Akisema “ila usinitaje”, mwambie basi siwezi kuibeba. Paulo alipopata habari za mafarakano ya Korintho aliandika wazi, nimearifiwa na watu wa nyumbani mwa Kloe, na akawaandikia wahusika wenyewe. Chanzo kimetajwa, wahusika wameambiwa. Tena chini ya Torati, hukumu ya kifo ilipotolewa, shahidi ndiye aliyetakiwa kunyanyua mkono wa kwanza kumpiga mawe aliyehukumiwa. Habari isiyo na mwenyewe haina haki ya kukaa kikaoni.

Na hizi sala zetu! Tumegeuza maombi kuwa njia ya kupitishia umbea. “Tumwombee dada fulani, ndoa yake inapita pagumu, sitaki kueleza sana...” Halafu anaeleza. Mungu anamjua huyo dada. Mwombee chumbani mwako, au omba ruhusa yake kwanza.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, kwa sababu kuna watu wametumia mafundisho haya vibaya, na wameumiza watu. Mtoto akisema amechezewa, mke akisema anapigwa, binti akisema mwalimu wa kwaya amemshika: huyo hasengenyi. Hapaswi kuambiwa “nenda mkayamalize wawili peke yenu”. Mathayo 18 inazungumza ndugu kwa ndugu. Haikuandikwa ili kumrudisha aliyeumizwa chumbani na aliyemuumiza. Jambo hilo linapelekwa kwa mamlaka, kwenye dawati la jinsia na watoto la polisi, kwa ustawi wa jamii, siku hiyohiyo. Hata 1 Timotheo 5:19, inayokataza kupokea mashitaka juu ya mzee bila mashahidi wawili au watatu, inafuatwa na mstari wa 20: wanaodumu katika dhambi wakemewe mbele ya wote. Kiongozi anayesoma wa 19 akafunga kitabu kabla ya wa 20 anajilinda mwenyewe.

Anayesingiziwa naye afanye nini? Nehemia 6. Nehemia anajenga ukuta wa Yerusalemu, na Sanbalati, adui wa kazi hiyo, anamtumia barua, mara ya tano hiyo, na safari hii imeachwa wazi ili kila mtu aisome njiani. Ndani imeandikwa kwamba imesemwa kati ya mataifa, na Gashmu naye asema, kuwa mnataka kuasi. Imesemwa na nani? Haijulikani, kasoro Gashmu. Nehemia alijibu kwa ufupi: hakuna jambo kama hilo, umelibuni moyoni mwako mwenyewe. Akaomba Mungu aitie nguvu mikono yake, akaendelea kujenga. Ukuta ukamalizika kwa siku 52. Kanusha mara moja, kwa ufupi, mbele ya wanaohusika. Usishinde kwenye grupu ukijibu kila mmoja. Na likifika mahali pa kesi, jitetee kama Paulo, ambaye alikata rufani kwa Kaisari bila kuona haya.

La mwisho, kutengeneza. Kumbukumbu la Torati 22 inamtaja mume aliyemzulia mke wake mambo ya aibu. Ikithibitika ni uongo, wazee wa mji wanamwadhibu, wanamtoza shekeli 100 za fedha, anapewa baba wa msichana, kwa sababu amemletea jina baya bikira wa Israeli. Mara mbili ya zile shekeli 50 zinazotajwa mstari wa 29. Jina la mtu lina bei, na bei inalipwa hadharani, kwa wazee, si kwa kunong'onezana.

Kwa hiyo tusidanganyane na ile toba ya “kama kuna niliyemkwaza anisamehe”. Hiyo haitaji kosa, haitaji mtu. Kaa chini uandike majina ya wote uliowaambia. Wote. Kwanza mwendee uliyemsingizia. Kisha rudi kwa kila mmoja kwenye orodha, ukiwa na sentensi tatu: “Nilikuambia hivi. Haikuwa kweli. Naomba na wewe uwaambie uliowaambia.” Kama ulisema kwenye grupu la watu 80, unakanusha kwenye grupu hilohilo, si kwa mwenye jina peke yake inbox. Utaona aibu, ndiyo. Mwenzako ameshaona aibu wiki tatu bila kosa.

Na msamaha ukipatikana, msishangae kazi yake ya uongozi ikisimama kwa muda. Miriamu alipomnena Musa vibaya akapigwa ukoma, Musa mwenyewe ndiye aliyemlilia Mungu amponye. Alisamehewa. Bado alikaa nje ya kambi siku 7, na Hesabu 12:15 inasema watu hawakusafiri mpaka Miriamu aliporudishwa. Kambi nzima ilisimama. Lakini pia ilimngoja, hawakumwacha jangwani.

Sasa tutaingia kwenye makundi kwa dakika 40. Makatibu, gaweni karatasi. Kila kundi lifungue Yoshua 22:10-34 na kuandika maswali ambayo Finehasi aliuliza au angeuliza, kisha myageuze yawe utaratibu wa kupokea malalamiko kwenye jumuiya yenu: nani anapokea, ndani ya siku ngapi anayelalamikiwa anasikilizwa, nani anaandika kumbukumbu na zinafungiwa wapi. Mfano wa sare za kwaya mnaweza kuutumia kwa majaribio. Msitumie kesi ya kweli ya mtu aliye hapa wala asiyekuwepo. Wenyeviti wa makundi, njooni mbele.